Taa za Kuinuka Zikigoma: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari la Spoti la Zamani

Mtu akileta gerejini gari ambalo taa moja imeinuka na nyingine imelala, mara nyingi anakuja na hukumu mkononi: "Fundi, mota imekufa, nimeshaambiwa." Ameshapiga simu Dar kuulizia bei, na kama muuzaji ni mjanja, ametajiwa bei ya mota mbili. Mimi humwomba aweke simu mfukoni kwanza. Kwenye taa za kuinuka, zile zinazojificha ndani ya bodi na kupanda ukiziwasha, mota ni kati ya vitu vya mwisho kufa. Vinavyotangulia ni ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), soketi, grisi iliyokauka, na swichi ndogo iliyojificha ndani ya kifuniko cha mota yenyewe. Vyote hivyo vinatengenezeka hapahapa Tabora bila kusubiri mzigo wa basi.

Ninaandika nikiwa na magari ya Kijapani kichwani, kwa kuwa ndiyo tunayoyaona huku: Celica ya 1989 hadi 1993, Eunos Roadster (ndiyo Mazda MX-5 ya kwanza, iliyoanza 1989), MR2, Supra ya 1986 hadi 1993, 180SX na ndugu zao. Mpangilio ni uleule ninaoufuata mwenyewe: kwanza tenganisha ugonjwa wa vyuma na ugonjwa wa umeme, ndipo ufungue kitu.

Kama umekwama njiani na giza limeingia

Kama unasoma hii ukiwa kando ya barabara kati ya Urambo na Kaliua na taa zimekataa kuamka, anza hapa. Mengine utasoma kesho.

Zima swichi ya taa, kisha zima gari. Fungua boneti, tafuta boksi la fyuzi, utoe fyuzi ya mota za taa. Kwenye Mazda kifuniko cha boksi kimeandikwa RETRACTOR. Kwenye Toyota nyingi utaona RTR. Usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Mota hizi zina nguvu ya kukuvunja kidole, na taa iliyokwama katikati inaweza kuruka ghafla soketi ikiguswa tu.

Juu ya kila mota, karibu kabisa na taa, kuna kifuniko kidogo cha mpira. Kivue. Chini yake kuna nobu ya kuzungusha kwa vidole. Izungushe kufuata mshale uliochorwa; kwenye Roadster ni mwelekeo wa saa. Utazungusha sana na taa itapanda kwa kusuasua, kwa hiyo usikate tamaa mapema ukadhani imevunjika. Ikifika juu kabisa, hamia ya upande wa pili.

Fyuzi iache nje, uihifadhi mahali hutaisahau. Taa zitawaka vizuri tu, kwa sababu umeme wa balbu unapita kwenye fyuzi nyingine. Unaweza kuendesha hivyo mpaka nyumbani, hata mwezi mzima ukipenda. Kinachopungua ni urembo wa gari.

Jambo moja usilifanye: usivute kifuniko cha taa juu kwa mikono. Ndani ya mota kuna gia yenye nyuzi kama za skrubu. Mota inaweza kuisukuma taa, lakini taa haiwezi kuirudisha mota nyuma. Ukilazimisha, kitakachosalimu amri ni meno ya gia au kichwa cha linki (fimbo inayounganisha mota na taa), na hapo ndipo kosa la shilingi elfu mbili linapogeuka kuwa la laki.

Kinachotokea unapobonyeza swichi

Wazo hili ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Cord 810 ya Marekani, ya 1936, ilikuwa na taa zilizojificha ndani ya madigadi, na dereva alizitoa kwa kuzungusha mkono wa chuma kwenye dashibodi, mmoja kwa kila taa. Mpaka 2004 Corvette na Lotus Esprit zilikuwa bado zinatoka kiwandani na taa za namna hii. Baada ya hapo zikapotea.

Fundi yeyote aliyewahi kufungua mota ya waipa ameshaielewa mota ya taa za Kijapani. Inazunguka upande mmoja tu. Kwenye shafti yake kuna mkono mfupi, mkono umeshika linki, linki imeshika fremu ya taa. Nusu ya kwanza ya mzunguko inapandisha, nusu ya pili inashusha. Kinachoiambia isimame ni sahani ya shaba iliyo ndani ya mota, yenye pengo, na vidole vya shaba vinavyokanyaga juu yake. Kidole kikifika kwenye pengo, umeme unakatika. Rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kazi yake ni kuchagua ni kidole kipi kipewe umeme, cha juu au cha chini.

Ukilishika hilo, dalili nyingi zinajieleza zenyewe. Taa inayopanda na kushuka bila kusimama haina wazimu: imeshindwa kuliona pengo lake.

Kama gari lako ni la Marekani au la Ulaya, pita haraka hapa. Corvette za 1968 hadi 1982 ziliinua taa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, kwa hiyo huko unatafuta paipu za mpira zilizopasuka. Porsche 924 na 944 zina mota moja inayoinua taa zote mbili kwa fimbo, hivyo taa moja ikigoma peke yake, usiulaumu umeme hata kidogo. Pontiac Fiero na Corvette za baadaye zinageuza mwelekeo wa umeme ili kushusha, na ugonjwa wao mkubwa ni vipande vya plastiki kusagika ndani ya gia: mota inalia, taa imetulia.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Washa swichi ya gari bila kuwasha injini. Mtu mmoja abonyeze swichi, wewe simama mbele na masikio wazi. Kwenye Roadster kuna kitufe cha peke yake katikati ya dashibodi. Kwenye gari lisilo nacho, tumia swichi ya taa kubwa.

Zote mbili kimya kabisa: tatizo liko kwenye kitu wanachochangia. Fyuzi, rilei, swichi, au betri. Ni nadra sana mota mbili kufa siku moja.

Moja inafanya kazi, nyingine kimya: achana na fyuzi na swichi, maana ingekuwa huko, zote zingelala. Nenda moja kwa moja kwenye soketi, ethi na mota ya upande ule.

Mota inalia lakini taa haiendi popote: ni vyuma. Linki imechomoka, nati ya mkono imelegea, au gia imesagika.

Moja inapanda upesi na nyingine inajikokota, mpaka gari linaonekana kama linamkonyeza mtu: ama vyuma vimekauka, ama ethi ni mbovu. Hii ndiyo dalili ninayoipata kuliko zote, na ndiyo wenye magari wanayoipuuza kwa kuwa "si inapanda tu?" Inapanda leo. Mota inayosukuma mzigo uliokauka inapata joto, kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zinaliwa, na hapo sasa itakufa kweli.

Zote mbili zinajikokota: pima betri kwanza. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12.2, ichaji kabla ya kuendelea. Injini ikiwaka unataka kuona kati ya 13.8 na 14.4. Kama taa zinapanda vizuri injini ikiwaka na kwa tabu ikiwa imezimwa, umeshapata jibu na unaweza kufunga boneti. Wenye Roadster wakumbuke kwamba betri yao iko kwenye buti, kwa hiyo umeme unasafiri gari zima kabla ya kufika mbele. Terminali chafu kule nyuma inaonekana kama ugonjwa wa taa huku mbele.

Nobu ndiyo kipimo cha kwanza

Toa fyuzi. Vua kifuniko cha mpira. Zungusha nobu ya upande mzima, kisha ya upande mgonjwa, ukilinganisha vidoleni. Kipimo hiki hakina gharama.

Ikizunguka laini pande zote mbili, vyuma viko sawa. Nenda kwenye umeme. Ikiwa nzito mwanzo hadi mwisho, ni grisi iliyoganda au pini zilizoshika kutu. Ikiwa laini kisha ikakaza mahali pamoja tu, kuna kitu kinagusa: fremu iliyopinda kwa ajali ya zamani, bampa iliyorudishwa vibaya, au takataka. Ikizunguka bure bila taa kutikisika, gia imekwisha au linki imeachia.

Kwa kesi nzito, chomoa linki kutoka kwenye mkono wa mota. Kwenye mengi ya magari haya ni kichwa cha duara kilichobanwa ndani ya kikombe cha plastiki: pitisha bisibisi bapa nyuma yake, uinue taratibu. Sasa inua fremu ya taa kwa mkono. Taa iliyo huru inapaswa kupanda kwa vidole viwili na kushuka kwa uzito wake. Isipofanya hivyo, ugonjwa uko kwenye bawaba na pini. Ikifanya hivyo na nobu bado ni nzito, ugonjwa uko ndani ya boksi la gia la mota.

Hapa kwetu kuna sababu ambayo hutaikuta kwenye vitabu vya Japani. Gari likipaki miezi mingi chini ya mwembe, nyigu wa udongo wanalipenda lile pango nyuma ya taa. Niliwahi kutoa kwenye Roadster moja bonge la udongo lililojaa kati ya fremu na bodi, gumu kama tofali. Ukilivunja unakuta vyumba vidogo vidogo, kila kimoja kimejazwa buibui waliokauka. Linki ilikuwa nzima, mota nzima, fyuzi ndiyo ilikuwa imekatika kwa kusukuma tofali. Mwenye gari alikuwa ameshaweka fyuzi kubwa zaidi. Usifanye hivyo hata siku moja: fyuzi ya 30 ikikatika, weka ya 30, kisha tafuta kwa nini. Ukiweka kubwa au ukizungushia waya wa shaba, safari ijayo kitakachoungua ni wayaringi yenyewe.

Vumbi la kiangazi nalo lina mchango wake. Likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa msasa. Ondoa grisi yote ya zamani kwa brashi na mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, ndipo upake mpya kidogo tu. Kwenye pini za chuma grisi ya lithiamu inatosha. Kwenye vikombe vya plastiki tumia ya silikoni ukiipata. WD-40 inafaa kulegeza kutu, lakini si kilainisho cha kudumu. Ukiishia hapo utarudi wiki chache baadaye. Na kwa ndugu zangu wa Kigoma: mawese ni ya maharage. Nimeyakuta kwenye bawaba ya taa, yameganda, yamenasa kila mdudu wa Ujiji.

Umeme: tengeneza taa ya kupimia

Mita ya umeme ni nzuri, lakini kwa kazi hii inaweza kukudanganya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Ukiuwekea mzigo, volti inaanguka. Ndiyo maana nashauri kila mtu awe na taa ya kupimia: balbu ya indiketa ya wati 21, soketi yake, na nyaya mbili ndefu zenye vibanio. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75. Ikiwaka kwa nguvu, umeme upo kweli. Ikififia, umepata mahali pa kuchimba.

Anza na fyuzi, na usiitazame tu kwa macho. Banisha waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye bodi safi, gusa mwingine upande mmoja wa fyuzi, kisha upande wa pili. Iwake sawasawa pande zote. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika au miguu yake imelegea kwenye boksi. Miguu ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia, kuna joto: safisha na ukaze vibanio vya ndani kwa sindano nene.

Rilei inafuata. Mwambie mtu abonyeze swichi huku umeishika kwa vidole. Ikipiga "tik", swichi na njia yake ni nzima, lakini usiseme rilei nayo ni nzima. Inaweza kulia huku midomo yake ya ndani, inayokutana kupitisha umeme, imeungua. Kama ni rilei ndogo ya kawaida na kuna nyingine ya namna hiyohiyo kwenye boksi, kwa mfano ya honi, zibadilishane kwa dakika moja uone. Mchoro wa miguu kwa kawaida umechapwa ubavuni mwake, hakikisha unafanana. Kwenye baadhi ya Toyota rilei hii ni boksi lenye miguu mingi na saketi ndani, hailingani na nyingine yoyote. Hilo lifungue uangalie viungo vya risasi (lehemu) kwa miwani ya kukuzia: mviringo mweusi kuzunguka mguu ni risasi iliyopasuka. Irudishie moto kwa pasi ya risasi, weka tone jipya. Zoezi hilo limefufua mengi.

Kama rilei haitoi sauti kabisa, shuku swichi. Kitufe kilichobonyezwa miaka thelathini kinachoka. Chomoa, puliza kisafishio cha viunganishi, bonyeza mara nyingi, jaribu tena.

Ethi, ethi, tena ethi

Hapa nakaa muda mrefu, na sitaomba radhi.

Kila mota inapeleka umeme wake kwenye bodi kupitia waya mmoja uliofungwa kwa boliti mahali fulani nyuma ya taa au chini ya madigadi. Kwenye Mazda na Nissan waya huo ni mweusi. Kwenye Toyota ni mweupe wenye mstari mweusi. Boliti hiyo imekula maji, vumbi na joto tangu gari lilipotoka kiwandani. Kwa nje inaonekana salama. Ukiifungua unakuta unga wa kijani kwenye shaba, au kutu, au rangi mpya iliyopuliziwa juu na fundi bodi ambaye hakufikiria umeme.

Kipimo chake ni hiki. Rudisha fyuzi. Weka mita kwenye volti 20 za umeme wa moja kwa moja (DC). Waya mweusi wa mita uende kwenye hasi ya betri, au kwenye boliti safi ya injini kama betri iko nyuma. Waya mwekundu uuchomeke nyuma ya soketi ya mota, kwenye mguu wa ethi. Mtu abonyeze swichi ili mota ijaribu kwenda, wewe soma namba. Chini ya volti 0.2 ni safi. Ikionyesha volti moja au zaidi, umeme unapata taabu kurudi nyumbani, na mota inanyimwa nguvu kwa kiasi hichohicho. Fanya kwa sekunde chache tu kama mota imekwama, maana mota iliyokwama inavuta umeme mwingi na kupata moto.

Kipimo hichohicho kifanye upande wa umeme unaoingia: waya mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye mguu unaopokea umeme kwenye soketi, mota ikiwa kazini. Hapo kubali mpaka volti 0.5 hivi. Zaidi ya hapo, tafuta kiungo kibovu njiani: boksi la fyuzi, rilei, au soketi.

Kusafisha ethi: fungua boliti, piga msasa terminali na bodi mpaka chuma king'ae cheupe, rudisha boliti pamoja na washa (pete) yenye meno, kaza, kisha paka vaselini juu ya kila kitu kuzuia unyevu. Vaselini iwe ya mwisho. Kama terminali imekatika nusu, usiibane kwa koleo na kutumaini, weka mpya. Ukitaka usingizi mzuri, ongeza waya wa ziada wa milimita 2.5 kutoka ethi ya mota hadi boliti nyingine safi.

Kigoma na Tabora zinatofautiana hapa. Tabora adui ni vumbi. Linaingia kwenye linki na gia. Kigoma ni unyevu. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, halina chumvi inayotafuna bodi kama ya pwani, lakini mvua na ukungu vinatosha kuotesha kijani kwenye shaba ya soketi ambayo mpira wake umepasuka. Gari likitoka Kigoma, mimi huanza na soketi. Gari la hapa, huanza na nobu.

Kufungua mota

Umefika hapa kwa sababu umeme unaingia vizuri, ethi ni safi, vyuma viko huru, na mota bado haiendi au haisimami. Toa fyuzi, chomoa soketi. Kabla ya kufungua nati ya mkono, chora alama ya rangi inayopita kwenye mkono na shafti kwa pamoja, na upige picha kwa simu. Mkono ukirudi ukiwa umeruka jino moja, taa italala juu ya bodi au itazama ndani yake, na utahangaika siku nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Fungua skrubu za kifuniko. Utakuta ile sahani ya shaba na vidole vyake. Njia ya shaba ikiwa nyeusi, isugue kwa kifutio cha penseli mpaka irudi rangi yake. Msasa mkali unakwangua shaba na kuacha mikwaruzo inayokusanya kaboni. Futa kwa spiriti. Petroli iache kwenye tangi, hasa karibu na cheche. Vidole vilivyolala vinyanyue kidogo sana kwa ncha ya kisu ili vikanyage kwa nguvu. Paka vaselini nyembamba mno, ya kuonekana kwa shida.

Taa iliyokuwa inapanda na kushuka bila kukoma, kwa kawaida hupona hapa. Kama haikupona, irudishe, kisha ujaribu rilei nyingine ya namna hiyohiyo. Ikipona, rilei ya zamani ndiyo ilikuwa mbovu.

Upande wa pili wa mota kuna kaboni. Zikiwa fupi mpaka springi inakaribia kugusa komyuteta (silinda ya shaba inayozunguka ndani ya mota), tafuta kaboni za mota ya kioo cha dirisha, uzisugue kwenye msasa mpaka ziingie bila kubana. Ili kuijaribu mota mezani, ipe umeme moja kwa moja kwenye nyaya za kaboni, lakini waya wako uwe na fyuzi ya ampea 15 njiani, na mkono uwe umefungwa au umetolewa.

Kama gia ya plastiki imesagika au koili imeungua (pua itakuambia), hapo sasa unaweza kuitoa ile simu mfukoni. Muulize muuzaji wa Dar vitu hivi: ni ya kushoto au kulia, soketi ina miguu mingapi, na mkono umeelekea wapi. Mtumie picha ya yako, naye akutumie video fupi ya mota ikizunguka kwenye betri kabla hujalipa. Mota iliyokaa rafu miaka kumi inaweza kuwa na kutu mbaya kuliko uliyonayo.

Zinainuka lakini haziwaki

Hili ni tatizo la balbu na waya, mota haihusiki. Nyaya za balbu zinakunjwa kila taa inapopanda na kushuka, na baada ya miaka mingi shaba inakatikia ndani ya plastiki bila kuonekana nje. Inua taa, iwashe, kisha tikisa nyaya taratibu karibu na bawaba. Ikipepesa, umepata. Badilisha kipande chote kwa waya laini wa nyuzi nyingi, uache ulegevu wa kutosha. Waya wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja mnene, usiuweke hapo hata kama ndio uliopo. Utakatika kabla ya masika.

Soketi ya balbu ikiwa imeyeyuka, angalia balbu. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 60 na 55. Watu wananunua za wati 100 ili waone ng'ombe mapema porini. Hizo zinavuta zaidi ya ampea 8 kila moja, kwenye waya ambao haukutengenezwa kwa mzigo huo.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe

Kila ukigusa linki au fremu, mwelekeo wa mwanga umebadilika. Paki gari mahali tambarare mita 5 kutoka ukutani. Weka alama ukutani kwenye urefu wa katikati ya taa. Mwanga wa dimu ukatikie takriban sentimita 5 chini ya alama. Magari ya Japani yanaendeshwa kushoto kama yetu, kwa hiyo mwanga wake unapanda kidogo upande wa kushoto, na ndivyo inavyotakiwa. Gari lililotoka nchi za kulia litamwaga mwanga machoni mwa anayekuja, na hilo halirekebishiki kwa skrubu. Badilisha taa zenyewe.

Waambie pia wanaoosha gari kwa pampu ya presha wasielekeze maji kwenye mwanya wa taa. Maji yakiingia chini ya kile kifuniko cha mpira yanakaa juu ya gia wiki nzima. Kifuniko kikipotea, kata kipande cha tyubu ya baiskeli ukifunge badala yake.

Mwisho, pandisha na shusha mara kadhaa mfululizo, injini ikiwaka. Shika mota, shika soketi, shika boliti ya ethi. Mota kuwa vuguvugu ni kawaida. Soketi au boliti ikiwa ya moto kuliko mota, rudi kwenye msasa.